FEDHA YA KESHO NA HARAKA YA LEO

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Tumeombwa kusema machache juu ya akiba, hasa hii mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Hatukuja kama mabingwa. Tumekuja kama watu waliokwisha kupata hasara, na yafaa hasara yetu iwe faida kwenu.

Mfuko wa namna hii ni fedha za watu wengi zilizowekwa pamoja. Msimamizi mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji hununua hisa za makampuni au bondi za Serikali, au huziweka benki. Faida na hasara hugawanywa kwa kadiri ya fungu la kila mtu.

Sisi watu kumi na wawili wa karakana tulianza mwaka 2021. Tulipatana kila mmoja atoe Sh. 2,000/- kwa mwezi, nazo zisiguswe miaka kumi. Wakati ule hisa zilisifiwa sana. Hisa ya Safaricom, iliyouzwa kwa umma Sh. 5/- mwaka 2008, ilikuwa imepita Sh. 40/-. Basi tukaingia mfuko wa hisa. Mwaka 2022 bei zikashuka, na 2023 zikashuka zaidi. Kila mwisho wa mwezi tulitazama hesabu, hofu ikatuingia, tukatoka.

Januari 2024 dola moja ilifika karibu Sh. 160/-, na maneno ya watu yalikuwa kwamba itafika 200. Tukakimbilia mfuko wa dola. Kabla ya katikati ya mwaka dola ilikuwa kama Sh. 130/-. Tukatoka tena. Fanyeni hesabu: Sh. 100,000/- kwa bei ya 160 ni dola 625. Ukizirudisha kwa 130 wapata Sh. 81,250/-. Riba ya miezi ile haikuziba pengo hilo. Na mwaka huo huo hisa tulizozikimbia zilipanda.

Kila tulipohama tulikuwa na sababu nzuri. Lakini tulinunua kila kitu kilipokuwa ghali, tukakiuza kilipokuwa rahisi. Hakuna mwenye duka afanyaye hivyo akadumu.

Mwenzetu mmoja, fundi wa breki, alistaafu mwaka ule. Fungu lake lilikuwa pungufu ya alichotoa. Hakutulaumu. Alihesabu noti zake, akasema basi ataezeka nusu ya nyumba. Neno hilo halijatutoka. Na kosa la kwanza lilikuwa siku ya kuanza: fedha ya mtu abakishaye miaka mitatu kazini haikufaa kutiwa katika hisa.

Ndugu zetu, reli hii ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Ilipita Taru pasipo maji, na Tsavo penye simba, ikateremka Bonde la Ufa. Kama kila penye shida wangaling'oa vyuma na kutafuta njia nyingine, isingalifika hata Voi.

Sasa kundi letu limeandika sheria tatu. Ya kwanza: fedha itakayohitajiwa karibuni, kama karo au ya kustaafu, ikae chamani au katika mfuko wa soko la fedha, wala isiende kwenye hisa. Ya pili: fedha ya miaka mingi itiwe kila mwezi, bei ikiwa juu au chini, na hesabu yake isomwe mara moja tu kwa mwaka. Ya tatu: hakuna kuhama kwa sababu ya hofu au uvumi. Tutahama ikiwa shabaha yetu imebadilika, au ada imezidi, au msimamizi hana leseni. Na hata hivyo tutangoja mikutano miwili kabla ya kupiga kura.

Hatusemi kwamba mvumilivu hapati hasara. Hisa zaweza kulala miaka mingi. Twasema tu kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni, nasi ukingo tumeuona.

Yule fundi tumekubaliana kumchangia mabati yaliyobaki. Kitabu cha mchango kiko kwa mweka hazina. Njooni mtie sahihi kabla hamjatoka.