Kibao cha 50 Huwekwa na Nani?

Mada ya Kamati ya Fedha kwenye mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya Umoja wetu



Sisi wa Kamati ya Fedha mmezoea kutuona tukisimama hapa kusoma mapato na matumizi. Hesabu za mwaka zimo kwenye kijarida hiki, kila mmoja atazisoma kwa nafasi yake. Leo tumeomba dakika chache tuzungumzie jambo lililotokana na hesabu hizohizo.

Tulipokuwa tukifunga vitabu tuliona kwamba tuna fungu linaloitwa "Rambirambi na matibabu", na fungu hilo halijawahi kukauka. Msiba ukitangazwa kwenye kundi letu la simu asubuhi, jioni fedha imeshaingia. Hiyo ni sifa yetu na tuitunze. Lakini katika vitabu vyote hatukuona fungu hata moja la kuzuia msiba usitokee.

Wiki ya Krismasi iliyopita, mtoto wa darasa la 3 alitumwa chumvi. Alikuwa anavuka barabara kuu pale sokoni kwetu, akagongwa. Mungu ni mwema, hakufa. Lakini alilala hospitali muda mrefu, na leo anatembea kwa kuchechemea. Tulichanga, tukalipa, tukashukuru. Dereva hakuwa mpita njia. Alikuwa mwenzetu, anarudi nyumbani kula sikukuu kama sisi sote. Jina lake hatutalitaja, na tunaomba asilitaje mtu. Kila mwenye gari humu ndani ajiulize alipita pale kwa mwendo gani Desemba. Sisi wa kamati tumejiuliza, na majibu yetu hayakutupendeza.

Baada ya ajali ile yalikuja mawazo matatu. Vijana walitaka kuchimba na kujenga matuta usiku. Wazee walikwenda polisi kuomba kibao. Na baadhi yetu wa mjini tulisema tutachapisha vibao wenyewe, twende navyo. Nia zote zilikuwa njema, ila kila mmoja alibisha hodi kwenye mlango usio wake. Ndiyo maana tumeona tueleze kibao cha mwendo kinatoka wapi.

Jambo hili lina ngazi tatu. Ya kwanza ni sheria ya nchi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, kifungu cha 51, inasema kwamba kwenye maeneo ya makazi gari lisizidi kilomita 50 kwa saa. Sheria hiyohiyo inayabana magari ya biashara na ya abiria yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500 yasizidi kilomita 80 kwa saa, hata yakiwa porini. Namba hizo hazitungwi na trafiki wala na mwenyekiti wa kijiji. Zimetungwa na Bunge.

Ngazi ya pili ni mwenye barabara. Sheria inasema 50 kwenye makazi, lakini lazima mtu amwoneshe dereva makazi yanaanzia wapi na kuishia wapi. Hiyo ndiyo kazi ya vibao, kile cha kuanza na kile cha kumaliza. Vibao huwekwa na mamlaka inayosimamia barabara husika. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, barabara kuu na za mikoa ni za taifa, na zinasimamiwa na TANROADS. Barabara za wilaya zamani zilikuwa mikononi mwa halmashauri. Tangu mwaka 2017 zinasimamiwa na TARURA, iliyo chini ya TAMISEMI. Kwa hiyo sisi nyumbani tuna wenye barabara wawili. Lami ya kwenda Mbeya ni ya TANROADS. Ile ya changarawe inayopanda shuleni na zahanati, ambako bodaboda wanakimbizana tangu ilipochongwa, ni ya TARURA. Barua za kupeleka ni mbili, kila moja kwa mwenyewe.

Ngazi ya tatu ni msimamizi, yaani polisi wa usalama barabarani na tochi zao. Kwa mabasi ya masafa marefu ipo pia LATRA, inayofuatilia mwendo kwa kifaa kilichofungwa ndani ya basi. Hawa wanasimamia kibao kilichopo. Wazee wetu walipokelewa vizuri kituoni, lakini waliomba kitu ambacho askari hana mamlaka ya kuwapa.

Sasa tutazame kwetu. Kibao cha 50 tunacho, na hapo ndipo wengi tunakosea tukidhani hatuna. Ukitokea Makambako unakikuta kabla ya kanisa. Kile cha kumaliza 50 kiko pale kwenye miti ya mikaratusi. Wakati kinawekwa, baada ya mikaratusi kulikuwa na mashamba ya mahindi tu. Leo baada ya mikaratusi kuna soko la viazi, mashine ya kusaga, stendi ya bodaboda na vibanda visivyohesabika. Kijiji kimekua, kibao kimebaki. Matokeo yake dereva anatembea kwa adabu kanisani ambako Jumatatu hakuna mtu, kisha anaona kibao cha kumaliza 50, anakanyaga mafuta na kuingia sokoni akiwa anaongeza mwendo. Yule mtoto aligongwa mita chache baada ya kibao hicho.

Je, mhandisi anaamuaje kibao kikae wapi na kiandikwe ngapi? Anaangalia nyumba na biashara zilivyokaribia lami, njia zinazoingia, watu wanaovuka, umbali ambao dereva anaweza kuona mbele, na ajali zilizokwisha kutokea. Ipo pia njia ya zamani inayotumika nchi nyingi, hasa Marekani: wanapima mwendo wa magari yanayopita, kisha wanatafuta ule mwendo ambao magari 85 kati ya 100 hayauzidi, na hapo ndipo wanapoanzia kupanga. Hoja yao ni kwamba namba iliyo mbali mno na mwendo wa kawaida wa watu haitafuatwa.

Kama wahasibu, hoja hiyo tunaielewa, lakini tunaiona na upungufu. Katika hesabu ile wanaopiga kura ni magari peke yake. Mama mwenye beseni la vitunguu na mtoto aliyetumwa chumvi hawahesabiwi. Ndiyo maana mawazo ya dunia yamebadilika. Februari 2020 mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm ulitoa tamko kwamba mahali ambapo watembea kwa miguu na magari wanachanganyika mara kwa mara, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Na si mambo ya Ulaya tu. Mradi wa njia salama za shule ulioanzia Dar es Salaam, uliopunguza mwendo karibu na shule za msingi kwa matuta, njia za miguu na alama, ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019.

Tufanye hesabu kidogo, maana ndiyo kazi yetu. Eneo letu la makazi, tukijumlisha na soko, lina urefu wa kilomita 2 hivi. Kwa mwendo wa 50 unalipita kwa dakika 2 na sekunde 24. Kwa mwendo wa 80 unalipita kwa dakika 1 na sekunde 30. Faida ni sekunde 54. Hata kama njiani kuna vijiji 20 kama chetu na vyote ukavipita hivyo, umeokoa dakika 18 katika safari ya kutwa nzima. Dakika hizo tunazimaliza kwenye supu pale Mafinga.

Upande wa gharama sasa. Dereva wa kawaida anahitaji kama sekunde 1 ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki. Barabara ikiwa kavu na breki zikiwa nzima, gari la mwendo wa 50 linasimama ndani ya mita 28 hivi. La mwendo wa 80 linahitaji mita 57. Maana yake ni hii: mtoto akitokea mita 28 mbele yako, mwenye 50 anasimama mbele ya miguu yake. Mwenye 80, mahali hapohapo, bado anakwenda kwa zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa na gari la mwendo wa 65 ni mara 4 na nusu ya ile ya mwendo wa 50. Weka sekunde 54 upande mmoja wa kitabu na hayo upande wa pili, uone kama mizania inalingana.

Tunapotoka Dar es Salaam kwenda nyumbani tunapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Pale kuna bango lenye faini ya kila mnyama: ukigonga twiga ni kiasi hiki, ukigonga tembo ni kiasi kile. Sote tunapunguza mwendo, tunafungua vioo, tunawaonesha watoto twiga. Halafu tunafika kwetu, kwa watoto wa dada zetu, hakuna bango la bei, tunapita kama upepo. Hilo limetuumiza kulisema, lakini ndilo lililotufanya tusimame hapa.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza nini?

Kwanza, tusitumie hata senti ya Umoja kununua vibao wala kujenga matuta. Sababu si ubahili. Kila lita ya mafuta tunayonunua inachangia Mfuko wa Barabara, na alama ni sehemu ya barabara. Tukizinunua tutakuwa tumelipa mara mbili. Zaidi ya hapo, mtu binafsi haruhusiwi kuweka alama wala kujenga kitu kwenye barabara ya umma. Tuta lisilo na alama, usiku wa ukungu kama ukungu wetu, litaua mwenye bodaboda kabla halijamzuia mwenye basi.

Pili, tufuate mlango wenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji ujadili, muhtasari uandikwe na kusainiwa, upite kwa mtendaji wa kata na diwani, uende kwa Meneja wa TANROADS wa mkoa, nakala kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Ya barabara ya shule iende kwa Meneja wa TARURA wa wilaya. Tusiandike "tunaomba matuta". Tuandike tunachokijua: kibao cha kumaliza 50 kiko wapi, soko linaishia wapi, watoto wangapi wanavuka asubuhi na mchana. Vijana wa sekondari wakae pembeni ya barabara siku tatu, moja ikiwa ya gulio, wahesabu. Mhandisi ndiye ataamua kama ni kuhamisha kibao, kuweka rasta, matuta au zebra. Barua yenye hesabu humrahisishia mtu kazi.

Tatu, na hapa ndipo fedha yenu inapohitajika, tufanye yale ambayo ni yetu. Vibanda vya akina mama viko ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu ni mita 30 kutoka katikati ya lami kila upande. Siku moja vitawekewa alama ya X, na hapo hatutakuwa na la kusema. Serikali ya kijiji imekubali kutoa eneo nyuma ya mashine ya kusaga. Tujenge soko lenye paa huko, na njia ya miguu kutoka shuleni hadi sokoni isiyogusa lami. Soko likirudi nyuma, dereva anaona mbele, na mtoto anaonekana kabla hajafika barabarani. Mchanganuo wa gharama umo kwenye kijarida.

Nne, tuanze na sisi. Krismasi inakuja. Kabla kibao hakijahama, hakuna anayetuzuia kutembea 50 kutoka kanisani hadi mwisho wa soko. Ukiona gari la mwenzako linakukimbiza, mpigie simu akifika. Usimwogope kwa sababu ana cheo au kwa sababu ni shemeji.

Mwisho, kuhusu mchango. Tochi ikikupiga, faini yake ni shilingi 30,000, nasi tunailipa palepale bila kuitisha kikao. Tunaomba kila mwenye gari atoe walau shilingi 30,000 leo, kama faini ya zile mara alizopita sokoni na hakuna tochi iliyomwona. Asiye na gari atoe alichojaliwa. Risiti zipo mezani, na kila shilingi mtaiona kwenye hesabu za mwakani, chini ya fungu jipya tunaloomba mkutano huu uliidhinishe: "Kinga".

Yule mtoto tulimtembelea Pasaka. Anarudi shule, na bado anavuka palepale kila siku.