Vyombo vya Jikoni Vinavyofaa kwa Afya: Maneno Waliyoambiwa Mama wa Hewa Bora, Lubumbashi

Mama zangu, na ninyi baba mliosimama kule nyuma karibu na mlango. Msione haya, ingieni mkae. Maneno ya leo ni yenu pia, maana anunuaye sufuria mara nyingi ni baba, na apikaye ni mama. Basi wote wawili imewapasa kujua.

Nimeombwa kusema nanyi habari ya vyombo vya jikoni. Mtu akisikia hivyo hufikiri vitu vya dukani ving'aavyo, vyenye waya wa umeme. Mimi sikuja na hivyo. Umeme wa mji huu mwaujua wenyewe: leo upo, kesho haupo. Nitasema habari ya mbabula, kapu, kinu, beseni, lungo na sufuria, yaani vitu vilivyomo nyumbani mwenu sasa hivi, au vipatikanavyo sokoni kwa fedha kidogo.

Nitaanza na mbabula, kwa sababu ndiyo iwezayo kuua watu kwa usiku mmoja. Mtaa wenu unaitwa Hewa Bora, nami nalipenda sana jina hili. Lakini ingia katika nyumba mwezi wa sita, saa mbili za usiku, wakati wa baridi: mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia, na mbabula iko katikati ya chumba ili watoto wapate moto. Hewa bora iko wapi humo? Makala yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa mbaya isiyo na rangi wala harufu. Moshi wa kuni hukuliza macho, ukatoka nje. Hewa hii haikuambii neno. Huingia katika damu na kushika mahali pa hewa njema, na mtu huumwa kichwa, akaona kizunguzungu, akataka kutapika, kisha akashikwa na usingizi. Usingizi huo ndio hatari yenyewe.

Nilipokuwa mtoto tulilala hivyo usiku mmoja. Ndugu yangu mdogo akaanza kutapika, na sisi wengine tukaona uvivu hata wa kuinuka. Bibi yetu, aliyekuwa na desturi ya kuamka mara nyingi usiku, akasukuma mlango ukawa wazi, akatuburuta nje mmoja mmoja katika baridi. Tulipona wote. Watu wakasema tumerogwa. Hatukurogwa, ilikuwa mbabula.

Basi, pika nje, au chini ya baraza, au katika jiko lenye matundu mawili ya hewa yanayoelekeana. Ukitaka kupasha chumba moto, pasha kabla ya kulala huku mlango u wazi, kisha toa mbabula nje yote pamoja na majivu yake, maana makala mekundu yaliyofunikwa na majivu hutoa hewa ile ile. Mkimkuta mtu amelegea chumbani, mtoeni nje kwanza, ndipo mwite msaada. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu kwamba katika mwaka 2020 watu kadiri ya milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya hewa mbaya ya majiko ya nyumbani, na wengi hawakufa kwa usiku mmoja bali kwa maradhi ya mapafu na moyo yanayokuja polepole.

Sasa kapu. Hiki ndicho chombo nikipendacho kuliko vyote, na wengi mtacheka. Twaa kapu kubwa au sanduku la mbao. Tandika ndani nyasi kavu zilizoshindiliwa, unene wa kiganja, chini na pande zote, uache shimo katikati lienee sufuria yako sawasawa. Shona mto mnene wa matambara wa kufunika juu. Chakula kikiisha kuchemka sana, epua sufuria na kifuniko chake, itie shimoni, weka mto juu, ukaende shambani. Moto uliomo ndani ya chakula haupati njia ya kutoka, nao waendelea kupika bila makala. Sufuria iwe imejaa karibu na ukingo. Sufuria yenye chakula kidogo hupoa upesi.

Lakini sikilizeni sharti moja kwa ajili ya maharagi. Maharagi mekundu yana sumu yake, na sumu hiyo haifi ila kwa kuchemka kwa nguvu. Ukiyatia kapuni kabla hayajachemka vema, watu watatapika na kuharisha. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, tia maji mapya, chemsha kwa nguvu dakika ishirini, ndipo uyatie kapuni. Vitabu vya Ulaya husema dakika kumi. Sisi twaongeza, kwa sababu Lubumbashi iko juu ya bahari kadiri ya mita 1,200, na maji huku huchemka kabla ya kufika digrii mia, kwenye 96 hivi. Ndiyo maana mgeni atokaye pwani hulalamika kwamba maharagi ya hapa ni magumu. Ukirudi ukaona hayajaiva, yarudishe motoni yachemke tena, halafu kapuni. Na chakula kilichopoa kikawa vuguvugu tu, usikile mpaka kimechemka upya.

Makala nayo yana bei. Malori na baiskeli zinayaleta kutoka mbali, kwa kuwa miti ya miombo iliyo karibu na mji imekwisha kukatwa. Mama apikaye maharagi kwa makala ya dakika arobaini badala ya saa tatu ataiona tofauti katika mfuko wake kabla mwezi haujaisha.

Nije kwenye kinu. Wasichana wa siku hizi hupeleka sombe kwenye mashine sokoni, wala si vibaya, mradi mashine imesafishwa na sombe imesagika kabisa. Lakini mjue kwa nini wazee walitwanga sana. Jani la muhogo lina sumu, nayo imefungwa ndani ya jani. Kutwanga huivunja, ikageuka hewa. Na kuchemsha sufuria ikiwa wazi huiondoa hewa hiyo. Kwa hiyo sombe iliyopondwa nusunusu na kufunikwa tangu mwanzo haifai. Ponda mpaka iwe laini, chemsha bila kifuniko kwanza, maji yakiisha kuchemka vizuri ndipo utie kitunguu na ndakala, na mawese mwishoni. Mawese usiyaunguze mpaka yapoteze wekundu, kwa maana wekundu ule ndio dawa ya macho ya watoto.

Unga wa muhogo una sumu ile ile, hasa mihogo ikitolewa majini mapema kwa haraka ya kuuza. Katika mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za maradhi ya Kwango yanayoitwa konzo: mtu mzima wa jana, leo miguu imekakamaa, wala haitarudi kuwa kama zamani. Maradhi haya huwapata walao muhogo mchungu siku nyingi bila nyama, samaki wala maharagi. Hapa tunachanganya unga wa muhogo na wa mahindi katika bukari, kwa hiyo hatari ni ndogo. Lakini kuna miezi ambayo mahindi ni ghali, na muhogo huzidi chunguni.

Dawa yake yataka beseni na mkeka tu. Tia unga mkavu katika beseni, sawazisha juu, piga alama ndani ya beseni mahali unga unapofika. Tia maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Mwanzo unga utashuka. Endelea kutia maji mpaka urudi kwenye alama. Kisha utandaze mkekani, unene usizidi sentimita moja, uuache juani saa mbili au kivulini saa tano. Sumu huondoka na upepo. Siku ile ile pika bukari, usiuweke mpaka kesho, kwa sababu unga wenye maji huoza. Mama wa Popokabaka, huko huko Kwango, walifundishwa hivi tangu mwaka 2010, nao waliona faida yake.

Lungo hamhitaji mimi kuwafundisha kupepeta. Nasema tu: msipepete makapi peke yake, toeni na punje zenye ukungu, zilizovunjika na zilizogeuka rangi, wala msizitie katika munkoyo kwa kusema zitachacha zote sawa. Mwaka 2004 huko Kenya, upande wa Makueni na Kitui, mahindi yaliyoota ukungu yaliwapata watu 317, wakafa 125. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Kuku nao wasipewe.

Habari ya sufuria itawaudhi wengine. Nchi yetu ni nchi ya shaba, nasi twajivuna nayo, lakini chungu cha shaba tupu kisichopakwa bati ndani hakifai kupikia nyanya wala ndimu, kwa sababu uchungu hula shaba. Ziko tena sufuria nzito zinazosubiwa na mafundi kwa mabati na vyuma vya motokaa vilivyokwisha. Ni imara, nami siwalaumu mafundi. Lakini hakuna ajuaye nini kimeyeyushwa ndani yake. Wataalamu waliopima sufuria za namna hii kutoka Kamerun, wakatoa habari yao mwaka 2014, walikuta risasi ikiingia katika chakula, nayo risasi huharibu akili za watoto. Katika mji huu wa migodi na tanuru watoto wetu wamekwisha kupata vumbi la kutosha, tusiwaongezee mezani. Aliye na sufuria hiyo aichemshie maji ya kufulia. Aliye na hiyo tu, asipikie kitu kichungu, asilaze chakula ndani yake, wala asiisugue kwa mchanga mpaka ing'ae. Akipata fedha, anunue ya chuma kisichoshika kutu, au achukue chungu cha udongo kisichopakwa rangi.

Maji ya kunywa yawe katika ndoo yenye kifuniko na bomba dogo, ili mkono na kikombe visiingie. Kipindupindu kilipoingia mji huu mwaka 2013 hakikuuliza nani ana nyumba ya matofali.

Nimesema mengi, na maharagi niliyoyatia katika kapu hili asubuhi yanangoja. Mama Mkubwa uliyekaa mbele, tafadhali inua mto huu ufunue mwenyewe, watu wasiseme nimeyapika kwa siri. Na yule aliyeleta unga wa muhogo aje na beseni lake, tupige alama pamoja kabla jua halijashuka.