Jadweli za Kompyuta Katika Uangalizi wa Majengo

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mafundi na maofisa waliokabidhiwa uangalizi wa majengo ya umma. Yanachapishwa kwa faida ya watumishi na wananchi kwa jumla.





Nimetakiwa nizungumzie programu za kompyuta zinazoendesha viyoyozi, pampu na taa za majengo makubwa, nami nimeona niyaache mengine yote nishike moja, nalo ni jadweli ambayo mtumishi wa zamu huisoma.

Mwaka 1995 chama cha wahandisi cha ASHRAE cha Marekani kilichapisha kanuni ya mawasiliano iitwayo BACnet, ambayo imewezesha vifaa vya watengenezaji mbalimbali kusikilizana. Kwa hivyo taarifa za jengo zima huweza kukusanywa katika jadweli moja, kila kifaa na mstari wake, pamoja na safu za jina, thamani na hali. Ukibonyeza kichwa cha safu, mistari hupangika kwa kuifuata safu hiyo. Ukibonyeza tena, mpangilio hugeuka. Zipo pia njia za kuficha safu, kuchuja mistari na kutoa nakala ya kuchapishwa. Hayo mtu hujifunza kwa nusu saa, na sina haja ya kuyarefusha.

Linalonitia hofu ni kichujio. Kichujio hakifuti kitu, bali huficha, na anayepokea zamu huenda asijue kwamba kimewekwa. Katika jengo moja nililowahi kulihudumia, mwenzetu wa asubuhi aliichuja jadweli ya tahadhari ili azione za ghorofa ya chini peke yake, kisha akaenda zake. Wa usiku aliikuta jadweli tupu, akaandika kitabuni kwamba hakuna tatizo. Kumbe pampu ya tangi la juu ilikuwa imesimama tangu alasiri, na kulipokucha watu waliofika kupata huduma walikuta mabomba makavu. Sisemi haya kwa kumlaumu mtu, kwani huyo wa usiku ni mimi.

Jambo la pili ni safu ya hali, ambayo wengi huificha kwa kuwa haina tarakimu. Mawasiliano na kifaa yakikatika, mara nyingi thamani ya mwisho hubakia pale pale kwenye kioo. Utasoma nyuzi 24 ilhali chumba kinaunguza dawa zilizohifadhiwa ndani yake. Programu ya Niagara, iliyotungwa na kampuni ya Tridium ya Marekani, husaidia kwa rangi: nyekundu kwa tahadhari, ya chungwa kwa hitilafu, manjano kwa kifaa kisichopatikana. Lakini rangi haimfai mtu ikiwa mstari wenyewe uko chini kabisa ya kioo. Ndiyo maana nashauri jadweli ipangwe kwanza kwa hali, kisha kwa jina.

La tatu ni amri ya mkono. Katika BACnet amri zina ngazi 16 za kipaumbele. Ngazi ya 1 ndiyo yenye nguvu kuliko zote, nayo imewekewa usalama wa maisha. Ngazi ya 8 ni ya mwendeshaji, na ratiba za kawaida huwekwa chini yake. Basi ukiwasha kwa mkono kiyoyozi cha ukumbi kwa ajili ya mkutano, ratiba haitaweza kukizima jioni. Kitapoza viti vitupu usiku kucha. Na wala usidhani kwamba kuandika "zima" ndiko kuiondoa amri hiyo. Hiyo nayo ni amri ya ngazi ile ile, na asubuhi ratiba haitaweza kukiwasha. Inatakiwa amri iachiliwe, ndipo ratiba irudi kushika kazi yake.

Umeme wa Unguja hutegemea waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara. Tuliokuwapo mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, tunaikumbuka giza ile. Haikuletwa na kiyoyozi cha ukumbi, la hasha. Lakini umeme unaopotea katika ukumbi mtupu hulipiwa kwa fedha za umma.

Kwa hivyo naomba kila anayekabidhi zamu aondoe vichujio alivyoweka, airudishe safu ya hali, kisha aandike kitabuni kila amri ya mkono aliyoiacha, pamoja na saa na jina lake. Anayepokea naye aihakiki jadweli mbele ya mwenzake, kabla hawajaagana.