Tukaushe Nyanya Zikiwa Bado Nzuri

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya upande wa Mwea, Kaunti ya Kirinyaga)

  Sitawaweka sana, maana najua kuna mifereji inayongoja kufunguliwa.

Mliomba tuzungumze juu ya kukausha nyanya nyumbani. Kabla ya kufika kwa kisu na wavu, tujiulize maswali kidogo kama tulivyozoea katika vikundi vyetu.

Kwa nini nyanya zinaoza shambani? Mtaniambia ni kwa sababu bei imeanguka. Haya, kwa nini bei imeanguka? Kwa sababu wengi wetu tulipanda wakati mmoja, na sasa tunavuna wiki moja. Broka anafika na lori, anakuta kreti zimepangwa kando ya barabara zikimngoja. Yeye ndiye anayetaja bei. Tena anataka kreti ijazwe mpaka iwe na kilele. Na kwa nini hatukatai? Kwa sababu nyanya haingoji. Mahindi unaweza kuyaweka ghalani ukafikiria. Nyanya iliyoiva ukiiweka siku chache kwenye joto, unaitupa. Broka anajua hivyo kuliko sisi.

Sasa swali la mwisho. Mvua ndefu ikishanyesha mwezi wa Aprili na Mei, magonjwa yakaingia shambani, nyanya zikaadimika, ni nani hapa hajawahi kununua nyanya moja moja dukani, tena kwa deni? Mama aliyemwaga karai zima la nyanya mwezi wa Februari ndiye anayeandikwa kwenye daftari la duka mwezi wa Mei. Hiyo ndiyo shida yetu. Na mara nyingi miezi ambayo nyanya zinatuzidi ndiyo miezi ya jua kali. Jua hilo halina bei wala broka.

1. Nyanya ya kukausha si masalio

Kama mtasahau yote nitakayosema leo, mkumbuke hili moja: nyanya ya kukausha ni nyanya ambayo bado ungeweza kuiuza.

Vikundi vingi huanza vibaya hapa. Tunangoja broka. Tunangoja tena. Siku ya tatu, zikishalainika na kuanza kutoa maji, ndipo tunasema, "Basi tukaushe hizi." Jua haliponyi nyanya iliyooza. Ukianza na nyanya mbovu utamaliza na nyanya mbovu iliyokauka, yenye ladha kali na ukungu ndani.

Ukungu si jambo la mchezo. Tunakumbuka mwaka 2004, majirani wetu wa Ukambani, hasa Makueni na Kitui, walikula mahindi yenye sumu ya ukungu, na watu zaidi ya 100 wakafariki. Yale yalikuwa mahindi, si nyanya, lakini somo ni lile lile: sumu ya ukungu haiondoki kwa kuosha, kwa kuanika tena, wala kwa kupika. Chakula chenye ukungu tunatupa, hata kama roho inauma.

Kwa hivyo fungu la kukausha litengwe siku ile ile ya kuvuna, kabla broka hajafika. Hapa naomba akina baba msinikasirikie. Mara nyingi mama anaambiwa, "Ngoja tuuze kwanza, yatakayobaki ni yako." Kinachobaki ndicho kilichooza. Baba na mama wakae chini kabla ya mavuno, wakubaliane: kreti ngapi ni za soko, na kiasi gani ni cha jikoni. Hii ni sehemu ya mavuno kama karo ya shule ilivyo sehemu ya mavuno.

2. Hesabu ya nyumba moja

Kiasi gani? Tufanye hesabu pamoja. Tuseme nyumba yako inatumia nyanya 3 kwa siku. Kwa miezi mitatu, yaani siku 90, hizo ni nyanya 270. Kama nyanya 10 za kadiri ni kilo moja, unahitaji kilo 27. Tuseme kilo 30. Hiyo haifiki hata nusu ya ile kreti kubwa ya kilo 64.

Nyanya ni maji karibu yote. Katika kila kilo 10, zaidi ya kilo 9 ni maji. Kwa hivyo kilo 10 mbichi zitakupa nusu kilo mpaka kilo moja hivi ya nyanya kavu. Kilo 30 zako zitaingia katika chupa chache tu za kioo. Asidanganyike mtu akiona sinia limebaki na vipande vidogo. Hakuna aliyeiba. Ni maji yaliyokwenda.

3. Sanduku la kukaushia

Unaweza kuanika nyanya kwenye jua wazi, lakini vumbi, nzi na kuku watakula pamoja nawe. Afadhali sanduku la kukaushia. Fundi yeyote wa mbao wa kijijini anaweza kulitengeneza.

Sanduku liwe na urefu wa mita 2 na upana wa mita 1, likae juu ya miguu, mbali na vumbi. Sakafu yake ndani ipakwe rangi nyeusi ili ishike joto. Iache ikauke na harufu iishe kabla ya kuweka chakula. Juu funika na nailoni ngumu inayopitisha mwanga, ikiwa na mteremko ili mvua itiririke. Upande wa chini toboa matundu ya kuingiza hewa. Upande wa juu, nyuma, toboa matundu ya kuitoa. Hewa ikipata joto hupanda na kubeba maji ya nyanya. Ukiziba matundu, umetengeneza chungu cha kupikia, si sanduku la kukaushia. Matundu yote yafunikwe na wavu ili nzi wasiingie. Ndani weka fremu za mbao zenye wavu safi wa plastiki au kitambaa chepesi cha pamba, na ziinuliwe kutoka kwenye sakafu ili hewa ipite chini yake.

Mambo mawili ya kuepuka:

Kwanza, usianike nyanya juu ya mabati wala juu ya waya uliopakwa zinki. Nyanya ina ukali wa asidi, na asidi hiyo hula zinki ikaingia katika chakula.

Pili, usitumie neti ya kitandani iliyotiwa dawa ya mbu. Ile dawa ni ya mbu, haifai kugusa chakula.

Sehemu ya mita moja mraba inachukua kilo 4 mpaka 6 za nyanya zilizokatwa. Basi sanduku letu linabeba kama kilo 10 kwa mara moja. Kukiwa na jua zuri, kila zamu ni siku 2 mpaka 4. Kwa mwezi mmoja wa zamu za siku 3, utakausha kama kilo 100, yaani fungu la nyumba tatu. Kikundi cha nyumba 12 kinahitaji masanduku manne kama kinataka kumaliza mwezi huo. Nasema hivi kwa sababu kikundi kikijenga sanduku moja kwa watu 12, kitavuna ugomvi. Hesabu zifanywe kabla ya kuchanga pesa.

4. Kazi yenyewe

Chagua nyanya zilizoiva, nyekundu, ngumu, zisizo na jeraha. Zile za nyama nyingi, kama Cal J, Rio Grande na Roma, ndizo nzuri zaidi. Zenye maji mengi zitakauka pia, ila zitachelewa.

Kama shamba lilipigwa dawa, hesabu siku za kungoja zilizoandikwa kwenye mkebe zitimie kabla ya kuvuna. Usitegemee jua liondoe dawa.

Osha mikono, kisu na ubao kwa sabuni. Osha nyanya kwa maji safi, yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya maji. Maji ya mfereji si ya kuoshea chakula. Sisi wa Mwea tunajua yanapita wapi.

Kata vipande vyenye unene sawa, kama milimita 7 au 8. Vikiwa vinene na vyembamba pamoja, vingine vitakauka na vingine vitaoza katika sinia moja. Ukipenda, nyunyiza chumvi kidogo upande uliokatwa. Inasaidia kuvuta maji. Nyumba yenye mgonjwa wa presha iache chumvi.

Panga vipande visigusane. Anza asubuhi, siku ambayo mbingu ni safi, maana siku ya kwanza ndiyo inayoamua. Vikikauka juu, vigeuze. Jioni ingiza sinia ndani ya nyumba au ufunike vizuri, kwa sababu umande hurudisha maji uliyoyatoa mchana. Miezi ya Juni mpaka Agosti, wakati wa mawingu na manyunyu, afadhali usianze kabisa.

Utajuaje zimekauka? Chukua kipande kikipoe, kisha ukikunje na kukibana. Kisitoe maji, kisinate kwenye vidole, kiwe kigumu kama ngozi. Kipande kimoja chenye ubichi katikati kinaweza kuharibu chupa nzima.

5. Kuweka

Usifunge nyanya zikiwa moto, zitatoa jasho. Zikipoa, zitie katika chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, usijaze pomoni. Kwa siku 7, tikisa chupa kila siku na uangalie. Ukiona matone ya maji ndani ya kioo, rudisha zote kwenye jua. Ukiona ukungu, tupa.

Baada ya hapo jaza chupa, funga, andika tarehe, uweke mahali pakavu, baridi na penye giza. Hivyo zitakaa miezi 6 na zaidi. Chupa za jemu ni nzuri sana. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017, tena hata haizuii wadudu.

Watu wengine huziweka katika mafuta pamoja na kitunguu saumu. Nyumbani tusifanye hivyo. Katika mafuta kunaweza kuota sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo inaua.

6. Kupika

Loweka vipande katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 20 au 30, kisha pika. Hayo maji usiyamwage, yana ladha. Au twanga ziwe unga, na kijiko kimoja kinatosha sufuria ya ndengu. Katika githeri au maharagwe, tia nyanya baada ya maharagwe kuiva. Ukali wa nyanya huchelewesha maharagwe kulainika, nawe utamaliza kuni bure.

Nyanya kavu hupoteza sehemu kubwa ya vitamini C. Basi sukuma wiki, terere na matunda vibaki mezani.

7. Na kuuza je?

Najua vijana wanangoja niseme juu ya soko. Nawaambia: msimu wa kwanza, kausheni kwa ajili ya nyumba zenu. Kama nyinyi wenyewe mmekula miezi mitatu bila chupa hata moja kuharibika, hapo mna ujuzi wa kuuza. Lakini chakula kilichofungwa cha kuuza kinataka afisa wa afya ya umma akague mahali pa kazi, na alama ya shirika la viwango la KEBS. Msimtangulie afisa, mwiteni mapema. Chupa moja yenye ukungu ikifika kwa mnunuzi, jina la kikundi limekwisha.

Wapendwa, hatuwezi leo kumlazimisha broka apandishe bei. Hilo ni jambo la kupanga upandaji na kuuza kwa pamoja, na tutalizungumzia siku yake. Lakini nusu kreti ya nyumba yako iko mikononi mwako. Ukiitenga ikiwa bado nzuri, mwezi wa Mei mtoto wako hatakula githeri kavu, na jina lako halitakuwa katika daftari la duka.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Msimu uliopita, kila nyumba ilitupa nyanya kiasi gani? Na ilinunua kiasi gani wakati wa mvua?

2. Nyumbani kwetu, nani huamua nyanya ipi ni ya soko na ipi ni ya jikoni? Huamua lini?

3. Kikundi chetu kina nyumba ngapi, na tunahitaji masanduku mangapi? Nani atayatunza, na zamu zitaandikwa wapi?