Nani Anailipia Jezi? Michezo na Hazina katika Vyuo Vidogo vya Marekani

(Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama. Tunayachapa kama yalivyosomwa.)



Tumeombwa tuseme juu ya michezo ya vyuo vya Marekani, na hasa juu ya fedha zake. Jambo hili si la kupitisha wakati tu. Wako vijana wetu wanaokimbia barabarani kila alfajiri wakitumaini kwamba miguu yao itawafikisha chuoni ng'ambo, na wako wazazi waliokwisha kuuza ng'ombe kwa ajili ya tumaini hilo. Wala tumaini lenyewe halikuzuka hewani. Suleiman Nyambui alitoka Tanzania akaenda kusoma El Paso, Texas, akashinda mbio za mita 10,000 za vyuo vya Marekani mara nne, toka 1979 mpaka 1982. Na katikati ya ushindi huo, mwaka 1980, akachukua medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow. Henry Rono wa Kenya naye alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington mwaka 1978, alipovunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81. Majina hayo mnayajua, na watoto wenu wanayajua.

Lakini vile vilikuwa vyuo vikubwa, vyenye kutoa msaada wa masomo kwa mwanafunzi kwa sababu ya mbio zake. Sisi leo twataka kusema juu ya vile vidogo, vyenye wanafunzi 800, au 1,500, au 2,000, ambavyo picha zake hazionekani katika televisheni, lakini vina uwanja, vina basi, vina walimu wa michezo kumi na zaidi, na vina deni. Vyuo vya namna hiyo ni vingi mno. Chama cha michezo ya vyuo kiitwacho NCAA kiligawanywa katika madaraja matatu mwaka 1973, na Daraja la Tatu peke yake lina vyuo zaidi ya 400. Sheria kubwa ya daraja hilo ni moja: chuo hakiruhusiwi kumpa mwanafunzi fedha kwa sababu ya michezo. Anaweza kusaidiwa kwa umaskini wake au kwa akili yake darasani, si kwa mguu wake.

Sasa mtu atauliza: ikiwa hawalipwi, basi gharama iko wapi? Gharama iko katika mshahara wa mwalimu wa mchezo na wasaidizi wake, katika nauli na malazi ya safari, katika daktari, vifaa, bima, kukata majani ya uwanja na kuwasha taa za ukumbi. Na mlangoni hakuna kitu. Watazamaji wa mchezo wa chuo kidogo ni wazazi, wapenzi na wanafunzi wenzao. Kiingilio chao hakitoshi hata mafuta ya basi. Twataka jambo hili lieleweke vizuri, maana wengi hudhani kwamba michezo ya vyuo vya Marekani inajilipia yenyewe. Hata katika Daraja la Kwanza, penye televisheni na viwanja vya watu elfu themanini, ni idara chache sana zinazopata zaidi ya zinachotumia. Huku chini, kila senti hutoka katika mfuko uleule unaomlipa mwalimu wa hisabati.

Basi kwa nini hawafungi duka? Hapa ndipo penye hesabu yenyewe, na hesabu hiyo ni ya ujanja. Chuo kidogo cha binafsi kinaishi kwa karo. Kikikosa wanafunzi kinakufa. Na kijana wa miaka 18 aliyecheza tangu utotoni anapenda kuendelea kucheza miaka minne mingine, naye yuko tayari kwenda chuo ambacho asingekisikia jina lake kama kisingekuwa na timu. Kwa hiyo katika vyuo hivi mchezaji si mtu anayelipwa, ni mtu anayelipa.

Chuo cha Adrian, huko Michigan, ndicho kilichoitangaza njia hii kuliko vyote. Mwaka 2005 mkuu wake mpya, Jeffrey Docking, alikuta chuo kina wanafunzi wasiofika elfu moja na hazina imekauka. Akakopa fedha, akajenga uwanja na ukumbi wa barafu, akaongeza timu, na kila mwalimu wa mchezo akapewa idadi ya wanafunzi atakaoleta kila mwaka, kama mchuuzi anavyopewa idadi ya magunia. Katika miaka michache wanafunzi wakapita 1,600. Mwaka 2015 akaandika kitabu kueleza dawa yake, na vyuo vingi vikainywa. Vingi vikaanzisha timu za futiboli ya Kimarekani, kwa sababu timu moja ya futiboli hubeba vijana mia na zaidi kwa mara moja.

Tuchukue mfano wetu wenyewe ili tuone. Tuseme kijana mmoja, baada ya kupunguziwa karo, analipa dola 15,000. Vijana 100 ni dola 1,500,000. Timu ikila dola 600,000, zimebaki 900,000. Nani atakataa? Lakini subirini kidogo. Wa kwanza kuulizwa ni wale ambao wangekuja chuoni hapo hata pasipo timu. Hao si faida ya timu, waondoeni. Kisha mwanafunzi aliyeongezeka anataka chakula, kitanda na mwalimu, naye huyo mpe hesabu yake. Kisha wachezaji uwanjani ni 11 kwa mara moja, na aliyekaa benchi mwaka mzima huanza kutazama mlango. Akihama mwaka wa pili, mwalimu wa mchezo hana budi kutafuta mwingine. Na chuo jirani nacho kikianzisha timu, wote wawili wanawinda vijana walewale, tena kwa kupunguza karo zaidi. Sisi hatusemi kwamba hesabu ya Adrian ilikuwa ya uongo. Twasema kwamba aliyewahi alipata, na waliofuata walikuta kisima kina ndoo nyingi.

Tazameni Chuo cha Birmingham-Southern, katika Alabama. Kilianza mwaka 1856. Kilipanda mpaka Daraja la Kwanza, gharama zikakibana, na mwaka 2006 wadhamini wakaamua kushuka Daraja la Tatu. Mara wakaanzisha futiboli mwaka 2007. Fedha haikutengemaa. Hatimaye wakaomba mkopo wa dola milioni 30 wa serikali ya jimbo, wakanyimwa, na mwezi wa Machi 2024 wadhamini wakapiga kura ya kufunga. Siku ya kufunga ilikuwa tarehe 31 Mei 2024, na siku hiyohiyo timu yao ya besiboli ilikuwa Ohio ikicheza fainali za taifa za Daraja la Tatu. Vijana wale walicheza wakiwa na jezi ya chuo ambacho hakipo. Walishindwa mchezo wa kwanza, wakashinda wa pili, wakatolewa siku ya tatu. Magazeti ya Marekani yaliandika sana juu ya ushujaa wao, na ushujaa ulikuwapo. Hatudai kwamba michezo ndiyo iliyokiua chuo kile. Kulikuwa na majengo yaliyojengwa kwa deni na makosa ya vitabu vya hesabu. Lakini michezo haikukiokoa, na iliahidiwa kwamba itaokoa.

Sasa tuje kwa vyuo viwili vya watu weusi, maana hapo tumejifunza zaidi.

Cha kwanza ni Spelman, katika Atlanta, chuo cha wanawake kilichoanzishwa mwaka 1881. Mwaka 2012 umoja wa vyuo walivyokuwa wakishindana navyo ulikuwa unavunjika, na kutafuta umoja mwingine kulikuwa na maana ya safari ndefu zaidi na fedha nyingi zaidi. Mkuu wa chuo, Bibi Beverly Daniel Tatum, akatazama hesabu. Bajeti ya timu ilikuwa karibu dola 900,000. Wachezaji walikuwa kama 80. Wanafunzi wote walikuwa kama 2,100. Fanyeni kugawanya: kila mchezaji alikuwa akitumiwa dola zaidi ya 11,000, na kila mwanafunzi, acheze asicheze, sehemu yake ilikuwa zaidi ya dola 400. Upande wa pili wa daftari palikuwa na jambo la kutisha. Wasichana wengi walikuwa wakifika chuoni, na umri wao miaka 18, tayari wana shinikizo la damu au sukari au maradhi mengine ya kudumu. Yaani fedha ya afya ya miili ilikuwa ikienda kwa wale 80 waliokuwa na afya tayari.

Spelman ikajitoa katika mashindano ya NCAA mwaka 2013, na fedha ikageuzwa kwa mazoezi ya wote: kutembea, kuogelea, kucheza dansi, kujifunza kupika na kula. Jengo la zamani la mazoezi likatengenezwa upya kwa kazi hiyo. Wako waliolalamika, na malalamiko yao hayakuwa ya kipumbavu. Walisema kwamba msichana mweusi amenyimwa uwanja kwa miaka mingi. Sheria ya mwaka 1972 ndiyo iliyovilazimisha vyuo kumpa mwanamke haki yake katika michezo, na leo chuo cha wanawake weusi ndicho kinachomwondoa? Sisi twaliona jambo hilo ni zito. Hata hivyo twaona Bibi Tatum alikuwa na haki, kwa sababu hakuchukua fedha ya michezo akailipa deni la samani za ofisi. Aliichukua kutoka kwa wachache akawapa wengi, kwa jambo lilelile la mwili.

Cha pili ni Paul Quinn, katika Dallas, Texas. Wahubiri wa Kanisa la Methodisti la Kiafrika walikianzisha mwaka 1872 ili watoto wa waliokuwa watumwa wapate elimu na kazi za mikono. Mwaka 2007 kilikuwa taabani. Wanafunzi mia chache, majengo mengine yamehamwa, madeni mlangoni. Mkuu mpya, Michael Sorrell, aliingia, na miongoni mwa mambo ya kwanza aliyofanya ni kuifuta timu ya futiboli. Kwa watu wa Texas hilo ni sawa na kumwambia Mzanzibari asile urojo. Wazee waliosoma hapo walikasirika. Sorrell akawajibu kwamba wanaoitaka timu waichangie. Maneno yakawa mengi, fedha haikuonekana.

Uwanja ukabaki mtupu, majani yakaota. Na nje ya chuo, mtaa wote ule wa watu weusi na maskini haukuwa na duka la maana la chakula. Mtu akitaka nyanya na mboga apande basi. Mwaka 2010 chuo, kwa msaada wa kampuni ya PepsiCo, kikaulima uwanja. Ndiyo, uwanja wenyewe wa futiboli, kwa matuta, na nguzo za goli zimesimama kwenye shamba. Wanafunzi wakapanda mboga, sehemu ya mazao wakapewa majirani, na nyingine zikauzwa. Mnunuzi mmoja mkubwa, msicheke, alikuwa jiko la uwanja wa Dallas Cowboys, timu tajiri ya futiboli ya kulipwa. Hivyo futiboli ikaanza kukilipa chuo badala ya kukila. Mwaka 2017 serikali ikakitambua kuwa chuo cha kazi, ambamo kila mwanafunzi anayeishi hapo hufanya kazi na karo yake hupunguzwa. Wala Paul Quinn haikuchukia michezo. Mpira wa kikapu na riadha havikufutwa.

Ndugu, Marekani wana sheria moja tunayoipenda. Tangu mwaka 1994 kila chuo chenye wanafunzi wanaosaidiwa na serikali ya taifa kinatakiwa kutangaza kila mwaka kimetumia kiasi gani kwa timu za wanaume na kiasi gani kwa za wanawake, na wachezaji ni wangapi. Mtu yeyote anaweza kusoma, hata aliyeko Tanga. Lakini someni kwa macho mawili. Katika vyuo vidogo vingi mtaona mapato ya michezo na matumizi ni sawasawa mpaka dola ya mwisho. Msishangae kwa uhodari huo. Fedha ambayo chuo chenyewe kimetoa kuziba pengo huandikwa kuwa ni mapato.

Limebaki jambo la vijana wetu. Mwalimu wa mchezo wa chuo kidogo akikuandikia barua nzuri, kwamba ameona muda wako wa mbio na anakutaka, usitangaze sherehe kabla ya kumwuliza chuo kiko daraja gani. Ikiwa ni Daraja la Tatu, msaada wa mbio hapo haupo, na barua ile huenda ni sehemu ya idadi aliyopewa. Muulize karo kamili ni kiasi gani, punguzo ni kiasi gani, na kama punguzo hilo litaendelea ukiumia goti au ukiacha timu. Muulize mwaka uliopita waliingia wangapi katika timu na wangapi walirudi mwaka wa pili. Majibu yaje kwa maandishi, yatoke ofisi ya fedha ya chuo, si kwake. Na kumbukeni kwamba kabla chuo hakijatoa karatasi ya kuombea viza, kitataka kuona fedha ya mwaka wa kwanza mzima iko wapi. Kwa hiyo ng'ombe asiuzwe mpaka karatasi ya ofisi ya fedha imefika na imesomwa na mtu anayejua kusoma hesabu.