Damu Inafika, Nani Ataitundika?

Tangu mwaka 2016, ndege zisizo na rubani huruka kutoka Muhanga, nchini Rwanda, kupeleka damu hospitalini kwa dakika badala ya saa. Lakini mfuko wa damu haujitundiki wenyewe. Anahitajika muuguzi wa kutafuta mshipa, kupima joto na presha, kisha kumwangalia mgonjwa kwa karibu robo saa ya kwanza, mwili usije ukaikataa damu hiyo. Muuguzi aliyeachiwa wodi nzima ataitoa wapi robo saa hiyo?

Uhaba huu una historia: mauaji ya kimbari ya 1994 yaliua madaktari na wauguzi, wengine wakakimbia nchi. Mwaka 2023, serikali ilianzisha jijini Kigali mpango wa kuzidisha wahudumu wa afya mara nne katika miaka minne, kutoka takriban mmoja hadi wanne kwa kila watu 1,000.

Ni uamuzi sahihi. Ila mkunga mwanafunzi hufundishwa na mkunga mzoefu, na mzoefu ndiye aliyeelemewa leo. Asipopunguziwa zamu na kuboreshewa mshahara, ataondoka. Kusomesha wapya huku wazoefu wakiaga ni kutwanga maji kwenye kinu.