Mayai Mazima, Mayai Yote: Neno Moja la Kiingereza na Visawe Vyake vya Kiswahili



Neno la Kiingereza "whole" aghalabu hupewa visawe vitatu vya Kiswahili: -zima, -ote na kamili. Mwanafunzi anayeviona vimepangwa mstari mmoja, vikitenganishwa kwa mkato tu, huamini kwamba aweza kuchukua chochote kati yavyo. Nionavyo mimi, mkato huo umewaponza wafasiri wengi. Na kwa kuwa mwaka 2021 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zake, hasara yaweza sasa kumwangukia raia asiyejua hata kwamba kulikuwa na tafsiri.

Tuanze na sarufi, maana siri imo humo. Mzizi -zima hupatanishwa kama kivumishi cha sifa: kitabu kizima, sawa na kitabu kirefu. Mzizi -ote hufuata njia ya -angu na -ako: kitabu chote, sawa na kitabu changu, tena huingia hata katika nafsi, tukasema sisi sote, nyinyi nyote. La kwanza hueleza hali ya kitu chenyewe. La pili hueleza kiasi kinachohusika, kwamba hakuna kilichoachwa. Mwenye duka akiombwa mayai mazima, atachagua yasiyopasuka. Akiombwa mayai yote, atatoa pamoja na yenye nyufa.

Kwa wanadamu tofauti hiyo hudhihirika zaidi. Kijiji kizima kikihudhuria mkutano, twaelewa kuwa ni wakazi wake wote. Lakini wakihudhuria watu wazima, watoto wamebaki nyumbani. Na tukijibu salamu kwamba sisi wazima, twamaanisha kuwa hatuumwi. Mgeni anayejifunza lugha hunaswa hapa kila mara. Kutogawanyika, siha, uhai na utu uzima vimekaa katika mzizi mmoja, wala si kwetu tu: Wakikuyu humwita mtu mzima mũndũ mũgima, na Wanyarwanda huuita uhai, na afya pia, ubuzima. Ajabu ni kwamba Kiingereza nacho kilikuwa hivyo. "Whole" na "health" ni ndugu wa shina moja. Ile herufi w ya mwanzo iliongezwa baadaye katika maandishi, ikauficha undugu huo. Maana ya siha ikafifia katika neno la kwanza, ikabaki kwa nduguye.

Kamili, neno tulilolipata kwa Waarabu, hushughulika na kutimia kwa hesabu. Saa nane kamili ni wakati usio na dakika pungufu wala ziada. Saa nane nzima ni lalamiko la mtu aliyengojeshwa, na mfasiri asiyelisikia lalamiko hilo amefasiri nusu tu ya sentensi.

Kuna pahali ambapo visawe vyote vitatu havifai. Unga ambao Waingereza huusifu kwa uzima wake, sisi twautaja kwa kazi isiyofanywa: unga wa ngano isiyokobolewa. Wa mahindi una jina lake, dona. Anayeomba "unga mzima" mashineni atachekwa.

Turudi kwenye sheria. Tuseme mfasiri wa wasia ameandika kwamba mrithi apewe mashamba mazima. Wakili mmoja atadai kuwa ni yale yasiyokatwa vipande, hata yakiwa mawili kati ya matano. Mwenzake atadai kuwa ni mashamba ya marehemu bila kubakiza hata moja. Kisarufi, hakuna aliyekosea. Mashamba yote yangemaliza ubishi wa idadi, lakini yasingezuia shamba moja kumegwa na warithi wawili. Mwenye kukusudia mambo yote mawili hana budi kuyaandika yote mawili: mashamba yote, kila moja likiwa zima.